Ini la Wakwe

"Dada mwalimu, hebu njoo ulione hili ini."

Begayim hakwenda. Alikuwa amesimama kizingitini mwa jikoni na sinia la chai mikononi, na huko sebuleni wakwe kutoka At-Bashy walikuwa wamekwisha kukaa kukizunguka kitambaa cha chakula, kila mmoja na mto wake mgongoni. Baba yake, Mzee Sooronbay, alikuwa akimkonyeza kwa nguvu hata nyusi zikamcheza. Chai ilikuwa imechelewa.

"Lina nini?" aliuliza bila kugeuka.

"Lina kama lengelenge. Jeupe, lina maji ndani."

"Uulkan, mdogo wangu, wageni wanangoja. Fanya kama nilivyokufundisha."

Akaingia sebuleni na chai yake. Maneno hayo hayakusikiwa na mtu mwingine. Mama yake, Bi Kanyshay, alikuwa uani akitoa mikate tanurini, na kaka yake Tilek, ambaye posa ile ilikuwa yake, alikuwa akichana nywele kwa mara ya tatu.

Uulkan alikuwa mwanafunzi wa upishi katika chuo cha ufundi cha mjini Naryn. Begayim alifundisha hapo hapo, ila hakufundisha kupika. Somo lake lilikuwa maadili ya kazi, na alilifundisha kwa moyo wote, kama mtu aliyetoka chuo kikuu juzi na bado anaamini kila alichokisoma. Mzee Sooronbay alipopiga hesabu ya kukodi wapishi wa hoteli akashika kichwa, Begayim ndiye aliyesema, "Baba, kwa nini tusimchukue mwanafunzi wangu bora? Atapata mazoezi, na sisi tutapata mpishi." Uulkan akaja na aproni nyeupe aliyoipiga pasi mwenyewe bwenini, na kofia ya kitambaa iliyomfunika hadi masikioni.

Sebuleni mambo yalikwenda vizuri. Nyama iligawiwa kwa heshima yake, kichwa cha kondoo kikawekwa mbele ya Mzee Asanaly, baba wa Meerim, binti aliyekuwa akiposwa, naye akakikata sikio na kulitoa kwa mtoto wa jirani kama inavyopasa. Mkewe, Bi Batmakan, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita farasi ng'ambo ya mto, alisifia maandazi. Watu wakacheka. Tilek akaambiwa amekonda kwa mapenzi.

Kisha Mzee Asanaly akafuta sharubu.

"Haya, mkwe. Mkia na ini viko wapi? Tulishane tumalize maneno."

Hapo kila mtu alijiweka sawa. Posa si posa mpaka pande mbili zilishane kwa mkono kipande cha shahamu ya mkia kilicholazwa juu ya kipande cha ini na kuchovywa katika maziwa ya chumvi. Anayekimeza hicho hawezi kurudi nyuma. Maneno mengine yote ni upepo.

Uulkan aliingia na sahani. Juu yake palikuwa na vipande vya mkia, vyeupe, vimepangwa kama maua. Ini halikuwamo.

"Ini liko wapi, binti?" aliuliza Bi Batmakan.

"Nimelitia motoni, bibi. Limekwisha."

"Motoni?"

"Lilikuwa na ugonjwa." Uulkan aliweka mikono nyuma na kunyoosha shingo kama anajibu mtihani. "Mpishi hamlishi mgeni kitu chenye shaka. Na mgeni akiuliza, haambiwi uongo."

Begayim aliyatambua. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, hata pale anaposhusha pumzi katikati.

Bi Batmakan aliweka bakuli chini polepole. "Kumbe mmetuchinjia kondoo mgonjwa."

"Hapana, mkwe! Hapana!" Mzee Sooronbay alinyanyuka nusu. "Yule kondoo nimemlea mwenyewe, nimemchagua mwenyewe katika kundi—"

"Umemchagua," alisema Mzee Asanaly. "Ndiyo. Tumeona."

Walipitisha viganja usoni kwa haraka, dua ya mtu aliyekwisha kuondoka, wakavaa viatu. Bi Kanyshay alikimbia na mifuko aliyowafungia ya kwenda nayo kwao, nyama, maandazi na peremende, mmoja kwa kila mgeni. Hawakuichukua. Mgeni kuacha mfuko wake ni jambo ambalo Bi Kanyshay alikuwa amelisikia katika masimulizi tu. Mifuko ilibaki juu ya benchi la barazani, imejipanga, na kila aliyepita aliangalia pembeni.

Bi Batmakan, mguu mmoja tayari garini, aligeuka. "Hata fukara hula ini siku ya kulishana," alisema.

*

"Nani kamfundisha yule mtoto?" Mzee Sooronbay aliuliza, ingawa alijua.

"Muulize binti yako," alisema Tilek. Alikuwa ameketi sakafuni na koti lake jipya, anakula mkia uliobaki, kipande baada ya kipande, kwa hasira. "Mimi naoa mara moja tu maishani, naye anakuja kufanyia mtihani kwangu."

"Lengelenge unalitoa kwa ncha ya kisu," alisema Bi Kanyshay, "unamtupia mbwa, ini unalikata, unalipika. Mama yangu alifanya hivyo. Mama yake alifanya hivyo. Nani kafa?"

"Mama, kwenye kitabu cha usafi wa chakula imeandikwa kuwa mbwa akila hilo ndiye anayewaambukiza wa—"

"Kitabu kilikuwa wapi watu wanavaa viatu?"

Begayim alianza kukusanya mabakuli. Alitaka kusema jambo moja dogo tu: aliniuliza, nami nikamwambia afanye hivyo. Hakulisema. Si kwamba aliogopa kupigwa, baba yake hakuwahi kumpiga mtu. Ila baba alikuwa amekaa chini ya picha ya babu, kofia yake ndefu nyeupe mapajani, akiipangusa vumbi lisilokuwapo.

"Aliyekosewa lazima aone mtu ameadhibiwa," alisema baba hatimaye. "Mkuu wa chuo nimechunga naye mbuzi. Kesho namwona. Msichana atolewe, na At-Bashy wasikie kwamba katolewa."

"Baba! Hana baba yule. Mama yake anauza mtindi barabarani ili yeye asome."

"Na mimi nina nani? Nina mtoto mmoja wa kiume, na mji mzima utajua kesho kwamba namlisha mkwe mizoga."

Walibishana mpaka chai ikapoa, ikamwagwa, ikatiwa nyingine. Mwisho baba alilegea kidogo, maana hakuwa mtu mbaya. Wangekwenda wote At-Bashy Jumapili, na msichana pamoja nao, akaombe radhi kwa kinywa chake. Wakwe wakisamehe na kulishana, abaki chuoni. Wasiposamehe, Jumatatu arudi kwa mama yake.

"Umeridhika, bibi maadili?"

Begayim hakujua kama ameridhika.

*

Darasani habari ilikuwa imemtangulia. Alipoingia, wale wavulana wa nyuma walikuwa wakicheka na kunyamazishana.

"Leo tunaendelea na wajibu wa mtoa huduma," alisema.

Kanat, mvulana mrefu anayesomea uhudumu wa mezani, aliinua mkono. "Mwalimu, swali la maadili. Nikikuta unywele kwenye supu ya mama mkwe, nitie motoni supu au mama mkwe?"

Darasa lilipasuka. Begayim naye alitaka kucheka, akashindwa. Kiti cha mbele, cha Uulkan, kilikuwa kitupu, maana mkuu, kwa ombi la Mzee Sooronbay, alikuwa amemzuia kuingia darasani mpaka Jumatatu.

"Lakini kweli, mwalimu," alisema msichana mmoja wa ushonaji, bila mzaha. "Alikosea nini hasa? Kwenye daftari tumeandika usimlishe mgeni usichoweza kumlisha mama yako mzazi huku unamtazama usoni."

"Mama yake angelila ini hilo," alisema Kanat. "Mama yangu pia. Sisi wote tumelila. Wewe hujalila?"

"Basi kosa ni kusema. Angetupa akanyamaza."

"Anyamaze vipi, wameuliza ini!"

"Aseme limeungua."

"Huo si uongo?"

"Uongo wa kwenye arusi si uongo, ni adabu."

Wote wakamgeukia Begayim. Alishika chaki. Katika miaka yote ya kusoma alikuwa amefundishwa kwamba swali gumu lina pande mbili, na kwamba mwalimu mzuri huzionyesha zote. Hapa aliona kama pande sita, na katika kila upande alikaa mtu anayemjua.

"Nitawajibu wiki ijayo," alisema.

"Aisee," alisema Kanat taratibu, na safari hii hakuna aliyecheka.

*

Uulkan alikuwa bwenini akifua aproni. Alipomwona mwalimu alifuta mikono, akatandika kitanda kilichokwisha kutandikwa, akamkaribisha.

"Chai sina, dada mwalimu. Nina maji ya moto."

"Maji ya moto yanatosha." Begayim alikaa. "Uulkan, kwa nini hukumwambia mkuu kwamba uliniuliza?"

"Ulikuwa umebeba chai."

"Najua nilikuwa nimebeba chai."

"Basi. Hukuliona. Asiyeona nitamshtaki kwa nini?" Msichana alikuna kidole kilichovimba kwa sabuni. "Halafu kisu kilikuwa mkononi mwangu. Wewe ndiye uliyesema, kazi ni ya aliyeshika kisu."

"Nilisema hivyo?"

"Somo la pili."

Begayim alikunywa maji ya moto, yakamchoma ulimi. "Lilikuwa na ugonjwa kweli?"

Uulkan alikaa kando yake. "Lilikuwa na lengelenge moja. Hivi." Alionyesha kucha ya kidole gumba. "Mwalimu wa usafi alituonyesha picha, kwenye picha yalikuwa mengi. Sijui moja ni ugonjwa au ni moja tu. Nilisema, nikishaanza kukata, nitakata mpaka wapi? Wapi ni ini zuri? Mama yako akaita, baba yako akaita. Nikalitia motoni." Akatazama dirisha. "Dada mwalimu, nilifanya vizuri au vibaya? Niambie tu, nami nitaomba radhi vizuri. Siwezi kuomba radhi vizuri kama sijui."

"Sijui," alisema Begayim, na neno hilo likamtoka jepesi kuliko yote aliyoyasema darasani mwaka ule.

*

Jumapili upepo wa At-Bashy ulikuwa ukikwaruza uso. Garini Mzee Sooronbay aliendesha, kofia nyeupe imenyooka kichwani kama mlima. Tilek aliminya mfuko wa zawadi mpaka karatasi ikachanika. Uulkan alikaa kati ya Bi Kanyshay na Begayim, midomo ikisogea, anakariri radhi.

Wenyeji waliwapokea kwa baridi, lakini waliwapokea. Mgeni, hata uliyemkasirikia, huchinjiwa. Kondoo alikuwa amekwisha kuangushwa uani kabla hawajavua viatu. Wazee wakaingia sebuleni, wakakaa mbali mbali, wakaulizana habari za theluji. Begayim na Uulkan, kama wadogo wa kike, walikwenda jikoni kumsaidia Chynara, mke wa mtoto mkubwa wa nyumba hiyo.

Chynara alikuwa mcheshi. "Kumbe ndiye huyu mchoma maini! Mdogo wangu, jiko letu usilisogelee." Akacheka, akatia mkono ndani ya beseni la matumbo, akatoa ini.

Kicheko kikakatika.

Lilikuwa na malengelenge mawili. Moja lilikuwa dogo. La pili lilikuwa kubwa kama yai la njiwa, jeupe, linang'aa, na lilipoguswa lilitikisika. Chynara alilifunika kwa kiganja kama mtu anayeziba mdomo wa mtoto. Akatazama mlango. Mlangoni hapakuwa na mtu isipokuwa mbwa, jibwa la manjano la kuchungia kondoo, limelala na pua juu ya kizingiti, linasubiri fungu lake.

"Usiseme," alinong'ona Chynara. Alikuwa tayari ameshika kisu. "Natoa haya, nampa huyu, kwisha. Leo leo mnalishana, mnakwenda zenu. Jamani, msiseme."

Uulkan alirudi nyuma hatua moja. Uso ulikuwa mweupe kama aproni yake.

"Dada mwalimu," alisema. "Hebu njoo ulione hili ini."

Begayim akaja akaliona.

Hakika jambo lilikuwa rahisi mno. Lilihitaji tu afumbe mdomo. Ini lingekatwa, wazee wangelishana, Tilek angepata mchumba, baba angepata uso wake, na Uulkan angebaki chuoni. Angebaki chuoni kwa sababu ya ini kama lile aliloadhibiwa kwa kulikataa. Begayim aliligeuza wazo hilo huku na huku asipate pa kulishika. Kama ni vibaya, mbona kila mtu angepona? Kama ni vizuri, mbona msichana anatetemeka? Akamtazama mbwa. Mbwa akatikisa mkia.

"Nipe," alimwambia Chynara.

"Unalipeleka wapi? Wee! Mama mkwe atanichuna ngozi!"

"Mwambie nimekunyang'anya."

Aliliweka juu ya sinia, la aina ile ile wanayobebea chai, akalishika kwa mikono miwili, akaingia nalo sebuleni. Uulkan alimfuata nyuma, bila kuambiwa.

Begayim alipiga magoti na kuliweka ini katikati ya kitambaa, kati ya sukari na maandazi.

"Baba yangu, mama yangu, wakwe zetu," alisema. "Ini letu lilikuwa hivi. Yule msichana aliniuliza afanye nini nalo, nami sikulitazama. Nilikuwa na chai. Nikamwambia afanye kama nilivyomfundisha, akafanya. Hakuwahi kumwambia mtu. Basi kama kuna wa kuomba radhi, ni mimi. Hili ni la kondoo wenu. Nimelitazama, nalo pia sijui nilifanyeje. Nimeona nisiamue jikoni. Niambieni ninyi."

Mzee Sooronbay alifumba macho. Bi Kanyshay alisema, "Ee Mungu," polepole. Chynara alikuwa amejificha nyuma ya mlango, nusu ya uso wake inaonekana.

"Hii ni nini sasa?" Mzee Asanaly alipata sauti. "Mnakuja nyumbani kwangu kunionyesha aibu yangu? Kondoo huyu nimemlea mwenyewe, nimemchagua mwenyewe katika kun—"

Mzee Sooronbay alifumbua jicho moja. Wazee wawili walitazamana juu ya ini, kisha kila mmoja akatazama bakuli lake.

Bi Batmakan hakuwa akiwatazama. Alikuwa amelivuta sinia karibu. "Wewe, mwenye aproni," alisema. "Hili ungelifanyaje?"

"Sijui, bibi," alisema Uulkan. Radhi yote aliyoikariri ilikuwa imepotea. "Lile la kwanza nilidhani najua."

"Mimi nimekata haya tangu sijaolewa," alisema Bi Batmakan. "Dada yangu alipasuliwa tumbo hospitalini, kule Bishkek. Walimtoa lengelenge kama ngumi, kama hili hili. Daktari akatuambia ni mambo ya mbwa. Tulicheka njia nzima kurudi. Mbwa! Dada yangu alikuwa akimwogopa mbwa." Aligusa lile lengelenge kwa ncha ya kidole, likatikisika, akakirudisha kidole haraka. "Daktari kasema mbwa, huyu kasema ini. Mimi sijui ni mbwa, sijui ni ini. Najua nimewatupia mbwa miaka yote."

Mlangoni mbwa alikuwa amesimama, maana alikuwa ameisikia harufu.

"Chynara! Toka huko nyuma ya mlango, nakuona. Leta mkia."

"Mkia bila ini?" Mzee Asanaly alishtuka. "Mama Meerim, kulishana gani huko? Haijapata kutokea. Mkia bila ini ni nini?"

"Ni mkia."

"Lakini itahesabiwa?"

"Nitajuaje? Atakayeuliza mwambie aje aniulize." Bi Batmakan alichukua kipande cha shahamu kikubwa kuliko inavyofaa, akakizamisha kwenye maziwa ya chumvi mpaka vidole. "Mkwe Sooronbay, fungua mdomo."

Mzee Sooronbay alitazama mkewe, akatazama ini, akatazama mwanawe Tilek aliyekuwa ameshika kitambaa cha chakula kama mtu anayetaka kuanguka. Alifungua mdomo. Bi Batmakan akaingiza mkia, na kilichobaki vidoleni akampaka mashavuni, kulia na kushoto, kama desturi inavyotaka, tena kwa nguvu kidogo kuliko inavyotaka. Mtu mmoja akacheka, pengine ni Tilek. Mzee Asanaly aliguna, akaguna tena, kisha akakaribia ili naye alishwe.

Uulkan alilichukua ini. Hakuna aliyemtuma wala aliyemkataza. Alilipeleka jikoni, akafungua mlango wa jiko la makaa, akalitia ndani. Mbwa alilia kidogo, akalala tena palepale, pua juu ya kizingiti, kama mtu asiyeelewa amekosa nini.

*

Safari hii mifuko ilichukuliwa. Ilikaa mapajani mwa kila mtu, ya moto, na gari lote lilinuka nyama. Uulkan alikuwa amelala kabla hawajafika kwenye mteremko, kichwa kikigonga bega la Bi Kanyshay, na Bi Kanyshay alikiacha kigonge.

"Begayim," alisema Mzee Sooronbay. Mashavu yake bado yaling'aa mafuta.

"Naam, baba."

"Ungeniambia siku ile ile."

"Ndiyo, baba."

Aliendesha kidogo. Barabara iliingia kivulini, ikatoka.

"Mkuu nitampigia simu. Na huyo msichana mwambie aje kwenye arusi." Akafikiri. "Ila asikae jikoni."

"Sawa, baba."

Gari lilipita mto, likapanda. Mzee Sooronbay alijifuta shavu kwa kiganja, akakitazama kile kiganja, kama amekuta kitu kimeandikwa hapo na herufi zake hazijui.

"Au akae," alisema. "Sijui. Mwambie aje tu."